Mwalimu Drusilla Bonareri na Januari za Shule ya Kilimani

Ndugu waombolezaji, wachungaji, walimu na majirani mliotoka Ikonge, Magwagwa na hata Kisii mjini, familia inawaomba radhi kabla neno la kwanza halijasomwa, kwa sababu historia hii itasomwa vibaya. Mume wa marehemu, Mzee Ondieki, macho yake leo hayaoni maandishi, kifungua mimba wao Onchiri amejaribu mara mbili sauti ikakatika, na hivyo karatasi ikamwangukia Mogire, mdogo wake Ondieki, shemeji ya marehemu na mwalimu mwenzake, mtu ambaye alifundishwa michezo ya kuchekesha chuoni na tangu siku hiyo hajawahi kusimama mbele ya watu bila wao kuanza kutabasamu, kama vile baadhi yenu mnavyoanza sasa. Kwa kuwa si adabu karatasi ya msiba kujaa mimi na mimi, humu ataitwa Mogire tu, kama mtu mwingine yeyote mwenye makosa yake.

Marehemu Mwalimu Drusilla Bonareri alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 karibu na Magwagwa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Zachariah Obwocha na Mama Kemuma, ambaye yuko nasi hapa. Alianza shule mwaka 1943 kwa kumfuata kaka yake bila ruhusa, akarudishwa nyumbani, akafuata tena, mpaka mwalimu wa siku hizo akachoka kumfukuza na kumpa ubao wa kuandikia. Alisoma shule ya kati ya bweni kutoka 1949 hadi 1952, kisha akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1954 akiwa wa pili katika darasa lake. Mogire naye alihitimu mwaka huohuo katika chuo kingine, na kuhusu nafasi aliyoshika familia imekubaliana kuwa siku ya leo si yake.

Tarehe 19 Agosti 1956, Jumapili, alifunga ndoa na Ondieki, ambaye baadaye alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani ya chai, na Mungu akawajalia watoto wanne, Onchiri mwaka 1957, Esnah mwaka 1959, Gesare mwaka 1961 na Bitutu mwaka 1963. Mama mkwe wake, Mama Mong'ina, alimpenda tangu wiki ya kwanza, akawa anampakulia ugali kabla ya wanawe wa kuzaa, jambo ambalo Mogire aliliona, akalinyamazia, na akalitunza moyoni mpaka leo hii.

Januari 1964 marehemu alihamishiwa shule ya hapa kilimani, ile mnayoiona kutoka mlipoketi, ambako Mogire alikuwa amekwisha kufundisha miaka minane. Mogire ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu, fimbo yake ilijulikana kwa jina, na kila siku ya wazazi alikuwa akicheza kichekesho ambacho watu walikuwa wakikisimulia sokoni Ikonge hadi mwaka unaofuata. Ndiye aliyekuwa jogoo wa shule ile, kwa hiyo alipomwona shemeji yake akiingia langoni na mkoba wake, alimwambia kwa furaha, "Karibu, shemeji, hapa utakula jasho langu," naye akajibu, "Asante, shemeji, mradi umelitia chumvi."

Wale waliosoma miaka hiyo wanaijua Januari ya shule zetu. Desemba wavulana walikuwa jandoni, na shule ikifunguliwa walikuwa wakirudi vifua mbele, wengine wana ndevu na bado wako darasa la tano, wakimwita kila mdogo omoisia, yaani mtoto ambaye bado hajaingia jando, na kwa jina hilo walikuwa wakijipa haki ya kumnyang'anya viazi vyake vya mchana, kumbebesha mikoba, na kumpiga njiani akisitasita. Watoto waliacha shule kwa ajili ya Januari. Januari ya 1965 mkubwa wao alikuwa Ogari, kijana wa miaka kumi na sita, na mnyonge wake alikuwa Nyangate wa darasa la pili, mtoto wa mjane, ambaye marehemu alimkuta nyuma ya vyoo akila maganda ya ndizi ambazo Ogari alikuwa amezila.

Mogire alifanya kazi yake, akamchapa Ogari viboko sita, kisha akamwigiza Nyangate jinsi alivyokuwa akilia, kamasi na yote, shule nzima ikacheka mpaka kengele ikasahaulika. Jioni ile Nyangate alipigwa mara mbili. Asubuhi marehemu alimfuata Mogire chini ya paa la ofisi, akamwambia polepole, "Shemeji, wewe ukimchapa Ogari saa nne, Nyangate anavilipa viboko hivyo saa kumi," naye Mogire akamjibu kwamba mwanamke hawezi kuyaelewa mambo ya wavulana, neno ambalo alilisema kwa sauti ya kuigiza ili walimu wengine wasikie.

Siku hiyohiyo marehemu aliwaita wavulana kumi na sita waliotoka jandoni, akawataka kila mmoja amtaje omosegi wake, yule kijana mkubwa aliyemtunza jandoni mpaka kidonda kikapona. Wakawataja kwa majivuno. Akamwuliza Ogari, "Alikunyang'anya chakula?" Ogari akashtuka kama ametukaniwa mtu wake, "Hapana, Mwalimu! Alinilisha." "Alikupiga?" "Hapana, alinilinda usiku na mchana." "Na wewe sasa ni mwanaume mzima?" "Ndiyo." "Basi mwanaume mzima huwa na mtu wa kumlinda, wako ni Nyangate." Tangu siku hiyo kila mkubwa alipewa mdogo mmoja, mkubwa asifungue chakula chake mpaka mdogo amefungua chake, watembee pamoja kwenda na kurudi, na mdogo akifika bila kifungo cha shati, anayeulizwa wa kwanza mbele ya gwaride ni mkubwa. Mogire alicheka, akamwambia, "Shemeji, ukimaliza hapo mtafute na mwizi wa kuku umpe ufunguo wa banda."

Lakini kufikia Pasaka Ogari alikuwa akimbeba Nyangate mgongoni kuvuka mto mvua ikinyesha, na mtu aliyethubutu kumgusa mtoto yule alikuwa anajitafutia balaa. Watoto walioacha shule wakarudi. Fimbo ya Mogire ikaanza kufuga buibui, na hapo ndipo yeye naye alipoanza kuugua ugonjwa ambao hauna dawa pale zahanati. Mjane alimletea marehemu kikapu cha wimbi, wazazi walimletea ndizi mbivu, wakipita mbele ya dirisha la Mogire bila hata kupunguza mwendo, na nyumbani Mama Mong'ina akamwuliza mbele ya wake zenu, "Mogire, miaka yote hii unafundisha, kwa nini hakuna aliyewahi kukuletea hata yai?" Mogire akamwonea marehemu wivu mwandiko wake, akamwonea wivu viatu vyake ambavyo watoto walikuwa wakigombania kuvipangusa tope, akafika mahali akamwonea wivu hata kikohozi chake, maana marehemu akikohoa mara moja darasa zima lilikuwa likikimbilia maji, na Mogire alipojaribu kukohoa siku moja, mtoto mmoja aliinuka akafungua dirisha ili atemee nje.

Wanaume wengine hawakupendezwa. Walisema mke wa mtu amelitia mdomoni jambo la jandoni, na Ijumaa tarehe 11 Machi 1966 kamati ya shule ilikaa kuamua kama mpango ule uendelee au ufutwe. Mwenyekiti alisema mwanamke asijibu jambo kama hilo yeye mwenyewe, asemewe na mtu wa nyumbani kwao, na kwa kuwa Ondieki alikuwa kituoni akipima majani, akasimamishwa Mogire. Marehemu alimtazama, akatikisa kichwa kidogo kumtia moyo. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi, kwamba watoto wamerudi shuleni na hakuna anayelia njiani, maneno kumi hivi na kikao kingeisha.

Mogire aliazima leso ya mpishi, akajifunga kiunoni, akachukua mkoba wa shemeji yake kutoka mezani, akatembea kama yeye, akasimama mbele ya mjumbe mwenye mvi kuliko wote na kumwuliza kwa sauti nyembamba, "Na wewe kijana, omosegi wako ni nani, na amekufungulia viazi?" Kamati ililala kwa kicheko. Mwenyekiti alilia machozi, mjumbe mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi, na walipopata pumzi wakaufuta mpango kwa sauti moja, kwa sababu jambo lililokwisha kuchekwa namna ile hakuna mwanaume angeinua mkono kulitetea. Marehemu alingoja leso irudishwe kwa mwenyewe, akauchukua mkoba wake, akasema, "Umeniiga vizuri, shemeji, umekosea kimoja tu, mimi nikiwauliza watoto swali hilo huwa nataka jibu." Mogire alirudi nyumbani akiimba, na kwa mwaka mzima sokoni walimpigia makofi.

Januari ya 1967 ilikuja kama Januari za zamani. Jumatatu tarehe 23, saa kumi na nusu jioni, wavulana waliotoka jandoni walimzuia mtoto wa darasa la kwanza kwenye daraja la miti, wakamwambia, "Wewe si mtoto wa mwalimu mchekeshaji? Tuchekeshe." Mtoto huyo alikuwa Mokaya, mwana wa Mogire, mwenye miaka saba. Alijaribu. Aliigiza kuku, akaigiza mbuzi, hawakucheka, wakamsukuma mtoni, akaangukia mawe, mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Aliyeruka majini kumtoa alikuwa Nyangate, wakati huo yuko darasa la nne, naye alipoulizwa nani alimtuma, alisema hakutumwa, Ogari alimfundisha kwamba mdogo akiwa majini mkubwa haulizi. Marehemu, aliyekuwa nyuma yao akirudi nyumbani, alimfunga Mokaya mgongoni kwa leso yake, akapanda naye hadi barabarani, akapata gari la chai, akamfikisha hospitalini Kisii na kulala naye kwenye sakafu siku mbili, kwa kuwa Mogire alikuwa Magwagwa akichekesha kwenye harusi ya watu.

Mogire alingoja shemeji yake amwambie, "Si nilikwambia?" Alingoja wiki, akangoja mwezi, alikuwa ametayarisha na majibu, lakini neno hilo halikuja, na msimpige mawe mkisikia kwamba hata ukimya ule aliuonea wivu, kwa kuwa alijua yeye asingeuweza hata kwa dakika tano.

Februari alikwenda mwenyewe mbele ya kamati kuomba mpango urudishwe. Alisimama, akasema, "Wazee, mwanangu amevunjika mkono," wakaanza kucheka. Akasema hatanii, wakacheka zaidi. Akalia, na alipolia mwenyekiti akashika mbavu akisema, "Mogire, utatuua leo, baba, tuhurumie!" Nusu saa nzima aliwasihi, na kila alipozidi kusihi ndivyo walivyozidi kujifuta macho, mpaka marehemu, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, alipoingia na kusema, "Anasema kweli." Mpango ukarudishwa kabla chai haijapoa, na Mogire, mtoto wake akiwa bado amefungwa plasta, alitoka kikaoni akijiuliza kwa nini maneno mawili ya mwanamke huyu yana uzito kuliko machozi yake yote.

Tangu mwaka huo hakuna mtoto aliyeumizwa njiani kwenda au kutoka shule hii, na kufikia mwaka 1970 shule nyingine tano za huku kwetu zilikuwa zimewapa wavulana wao wakubwa watoto wa kulinda. Tarehe 4 Januari 1971 marehemu aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu, cheo ambacho Mogire naye alikuwa amekiomba kwa barua ya kurasa nne, na barua hiyo ilifikia mezani kwa mwalimu mkuu mpya, akaisoma, akamwita na kumwambia, "Shemeji, ukurasa wa tatu umenifurahisha sana."

Aprili 1976 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, akalazwa Kisii mara tatu. Mara ya mwisho Mogire alimtembelea kila alasiri kumchekesha, hadi muuguzi akamwonya kwamba mgonjwa anachoka. Hapo ndipo marehemu alipomwambia jambo ambalo hakuna aliyelijua, "Shemeji, siku ile ya kwanza niliwaogopa sana wale wavulana, nilisimama karibu na mlango ili nipate pa kukimbilia, waambie watu hivyo, wasinifanye malaika." Basi mmeambiwa. Jumanne tarehe 6 Septemba 1977, saa tatu asubuhi, alituacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, ameacha mume, watoto wanne, mama yake mzazi na mama mkwe ambaye hajala tangu Jumanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii waliomhudumia kwa upole, majirani waliochuma chai yake alipokuwa kitandani, walimu walioshika zamu zake, wanakwaya, na kijana Ogari, siku hizi baba wa watoto wawili, ambaye amechimba kaburi hili tangu alfajiri na kukataa kupokewa jembe, pamoja na Nyangate aliyekuwa akimshikia taa.

Kila mtoto wa shule ile alikuwa na mtu wa kumlinda. Marehemu naye alipewa wake, siku moja tu, katika kikao kimoja tu, na kwa bahati yake mbaya akapewa Mogire.

Lala kwa utulivu, shemeji, kazi umeimaliza. Na asubuhi ile ya ufufuo ukiulizwa ni nani wa nyumbani kwenu atakayesimama kukusemea, tafadhali, mtaje mtu mwingine.