Herufi Mbili Pembeni mwa Ramani

Baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi ya ramani ya kampuni yetu ya chai, Bi. Drusilla Adoyo anastaafu Jumanne, Machi 31, 1998. Hakuwahi kufanya lolote kimyakimya, nami sioni sababu ya kumuaga hivyo.

Alianza mwaka 1971 akiwa karani wa kunakili michoro. Wakubwa walitaka akae mezani. Yeye alivaa gambuti akashuka mabondeni na Mzee Kiplangat, aliyemshikia fimbo ya kupimia, akiwauliza wachumaji ukungu hulala wapi na maji husimama wapi. Hakuchora kontua, yaani mstari wa kimo cha ardhi, ambayo miguu yake haikuijua. Kiplangat hulalamika hadi leo kwamba kabla ya kumjua Adoyo alikuwa na magoti.

Mwaka 1993, umeme ulipokuwa ukipotea kila wiki na majani kuharibika kiwandani, kampuni iliamua kujenga mtambo wake wa umeme wa maji katika mto Kipsonoi. Mshauri kutoka Nairobi alichagua kona ya daraja, kwa kuwa barabara inafika. Kontua za Adoyo zilikataa: pale ni bapa, na mto ukijaa hulala papo hapo. Kilomita mbili juu, maji yanashuka mita thelathini na nane, na kingo ni mwamba mtupu.

Ofisi ile ina desturi: mchoro hautoki bila herufi za kwanza za jina la mchoraji kwenye pembe ya chini. Adoyo aliamriwa anakili mchoro wa mshauri na kutia zake. Akakataa. Mshauri alipouliza mama huyu ni nani, alijibiwa na Adoyo mwenyewe kwamba ni yule mwenye matope, na kwamba ramani ya bwana haikuwa na hata tone. Kwa jibu hilo alitupwa stoo miezi saba. Waliomtupa wanajijua, na wanasoma ukurasa huu wa jarida letu.

Walikosea stoo. Mle mlijaa masanduku ya chai yaliyovunjika. Alikata mbao zake nyembamba kwa kufuata kontua, akazipanga tabaka juu ya tabaka mpaka bonde zima likasimama mezani. Siku ya mkutano wa wakurugenzi aliingia bila mwaliko, akamimina birika zima la chai ya maziwa juu ya vilima. Chai iliteremka, ikajaa kwenye kona ya daraja, ikafurika hadi kwenye makaratasi ya mshauri. Meneja mkuu aliuliza kama imebaki ya kunywa. Mtambo ukajengwa kule juu.

Novemba iliyopita, mvua za El Nino zilizoa daraja lile. Mtambo haukuguswa, na taa za kiwanda hazikuzimika hata mara moja.

Hata hivyo, ramani ya mtambo iliyotundikwa mlangoni mwa ofisi ina jina la mshauri peke yake. Pembe ya chini iliachwa tupu. Basi ijulikane kwamba Ijumaa iliyopita mimi na Kiplangat tuliifungua fremu yake tukaandika herufi D.A. kwa wino usiofutika. Anayetaka kuzikwangua avae gambuti kwanza.

Bi. Adoyo anarudi kwao Nyabondo, juu kabisa, ambako maji ya Kipsonoi hupita chini yake yakielekea ziwani. Kiwanja, bila shaka, alikipima mwenyewe. Asante, mama, kwa kutukatalia. Uishi vyema na kwa afya njema, mahali ambapo mafuriko hayafiki.