Fundi Lai Fook Onn Anatoka Kazini na Miguu Yake Miwili

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Fundi Lai Fook Onn anastaafu baada ya kuitumikia gereji ya Ushirika wa Wakulima wa Mboga wa Bukit Halia kwa miaka arobaini na mitatu. Wenyeviti wa ushirika huu wamechaguliwa, wakanenepa, wakaondolewa, na yeye bado yumo chini ya Landrova ileile. Wengine watalia leo. Mimi niliyempikia chai kwa miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo, sitalii. Nimefurahi kwamba anaondoka, na nitasema kwa nini, maana mwenyewe ameniruhusu.

Alianza kazi mwaka 1976 akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuja kwa miguu kutoka Ringlet, viatu kavishika mkononi visiingie tope. Aliyemwajiri alimuuliza, "Unajua nini?" Akasema, "Najua kuosha." Akapewa ndoo ya mafuta ya taa na giaboksi iliyofumuliwa. Aliosha kila kipande siku mbili nzima, na alipomaliza akavirudisha vyote mahali pake bila kuambiwa. Ilibaki nati moja. Nati hiyo anayo mpaka leo, na anashikilia kuwa gari lile halikuwa na haja nayo.

Huku kwetu mlimani kabichi haishuki yenyewe. Mashamba yamepangwa kama ngazi, njia ni utelezi mtupu, na gari jipya linalong'aa likipanda mara mbili linaanza kuomba msamaha. Zinazopanda ni pikapu za zamani, zile za kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambazo hata baba zetu walizikuta zimeshazeeka. Hizo hazitengenezwi tena. Lazima mtu azitafute zilikolala, azinunue zikiwa maiti, kisha azifufue. Mtu huyo alikuwa Fook Onn.

Alizifuata kwenye mashamba ya mpira ya Tapah na kwenye machimbo ya bati ya Kampar yaliyofungwa zamani. Mwaka 1984 alikuta moja imegeuzwa banda la kuku. Mwenyewe akamwambia, "Gari nakuuzia. Kuku siuzi." Fook Onn akajibu, "Basi waambie washuke." Wawili hawakusikia la mtu, wakafika Bukit Halia chini ya kiti. Kesho yake akapanda basi kuwarudisha, kikapu mapajani, maana yeye hali haki ya mtu, hata ikiwa na manyoya.

Kununua kwake kulikuwa na kanuni moja. Hakutazama rangi wala hakusikiliza sifa. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akaigonga chasisi kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia ngee. Chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani hulia pwa, kama boga bovu. "Rangi inadanganya na mwenye gari anadanganya," alizoea kusema, "ila chuma hakijajifunza."

Kutengeneza nako kulikuwa na sharti. Aliyefunga breki ndiye aliyekaa naye mbele gari likijaribiwa kwenye mteremko wa kwanza. Tangu aweke sharti hilo sijaona breki iliyofungwa haraka haraka ili mtu awahi chakula.

Na ile fimbo yake, nani asiyeijua? Fimbo ya mti wa mchai, ndefu kama mkono. Aliweka ncha moja kwenye injini inayonguruma na nyingine sikioni, kisha akakwambia ni silinda ipi inayoumwa. Miaka ya karibuni akaacha kuiweka sikioni, akawa anaing'ata. Mafundi wakadhani huo ndio ujuzi wa juu zaidi. Siku moja nilileta chai nikawakuta watatu wameizunguka injini moja, kila mmoja na kijiti chake mdomoni, kama mbwa waliogawiwa mifupa. Nikauliza, "Haya, inasemaje?" Bah Tuin, mtu wa kabila la Wasemai wa kule juu msituni, fundi ambaye hajui kusema uongo, akatoa kijiti akajibu, "Bibi, mimi nasikia ladha ya mti tu."

Tulicheka sana. Tungejua, tusingecheka.

Mimi niligundua mwaka jana, mwezi wa sita. Nilimwekea chai, nikageuka, nikaona nzi mkubwa kama kunde anaelea. Nikasema, "Fundi, usinywe hiyo, ina nzi." Akatabasamu. "Asante, bibi. Leo umeiweza." Akainywa mpaka chini. Nikasimama nyuma yake nikamtukana matusi matatu, makubwa, ya Kitamil na ya Kichina. Hakugeuka. Hapo nikajua masikio yamekwenda, na fimbo ile alikuwa anaing'ata ili mtetemo wa injini upite kwenye meno, kwa kuwa njia nyingine imeziba.

Ndipo nikaielewa pia ile pikapu aliyoinunua Ipoh mwaka 2017, iliyovunjika kiuno uwanjani hapa mara tu ilipoinuliwa. Watu walisema katapeliwa. Hakutapeliwa. Ile chasisi ilikuwa imesema pwa kutoka mbele mpaka nyuma, na yeye hakuisikia.

Nilimkalisha jikoni. Nikamwambia polepole, aone mdomo wangu, "Wewe ni kiziwi." Hakubisha. Akasema, "Bibi, ukiwaambia, kesho niko nyumbani natazama ukuta." Nikamhurumia, na huruma yangu ikanitia ujinga. Tukaahidiana kwamba hataingia chini ya gari mimi nisipokuwepo kumwangalia. Miezi minane nilitembea uwanjani na sinia kama mlinzi. Nilikosa, na kosa hilo naliweka wazi hapa watu wote walisome.

Tarehe 12 Februari mwaka huu mimi nilikwenda kliniki kwa ajili ya sukari yangu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ndani ya gereji palijaa, kwa hiyo Landrova moja ya kubebea nyanya ikawekwa nje juu ya jeki na magogo mawili. Fook Onn akasahau ahadi, au akajifanya kusahau. Akaingia chini kutazama difu ya nyuma.

Bah Tuin ndiye aliyeona gogo moja linazama topeni. Akasema, "Mzee, toka." Mzee anapiga mluzi. "Mzee, toka, gogo linakwenda." Mzee anapiga mluzi. Bah Tuin, ambaye kwa kawaida anaongea kama mtu anayeogopa kuwaamsha ndege, alipiga ukelele mpaka wauza matunda wa ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Mluzi uko palepale, na wimbo wenyewe hata haukuwa mzuri. Akaacha kuita. Akamshika vifundo vya miguu, akamvuta mara moja kama mtu anayeng'oa muhogo. Gari likakaa chini. Kati ya bampa na kichwa cha Fook Onn palibaki nafasi ya kusimamisha sahani moja.

Fook Onn akainuka amekasirika. "We Tuin, umerogwa? Nilikuwa nimeshaishika nati." Kisha akageuka, akaiona spana yake, mpini tu umechomoza chini ya chuma. Akakaa palepale kwenye tope.

Niliporudi nilikuta chai niliyowaachia imepoa haijaguswa. Bah Tuin akaniambia, "Bibi, nimemwita mara kumi. Kwa nini hakutoka?" Basi nikasema. Nilisema yote, la nzi na la ahadi. Fook Onn aliutazama mdomo wangu mpaka mwisho.

"Umenimaliza, bibi," akasema.

"Hapana," nikamjibu. "Nilikuwa nakumaliza nilipokaa kimya."

"Na nikitoka hapa mimi ni nani?"

Mkewe, Siew Keng, alikuja kumchukua, akanishika mkono mlangoni. "Dada, mwaka mzima huu simu ikilia kwanza nakaa chini, ndipo napokea." Alijua naye. Sote tulijua nusunusu, na kila mmoja aliifungia nusu yake kabatini.

Asubuhi iliyofuata Bah Tuin aliingia jikoni akiwa ameshika ile nyundo ndogo, akaiweka mezani mbele ya Fook Onn, katikati ya roti na bakuli la dengu. Akasema kwa mdomo mpana, "Mzee, masikio ninayo mimi. Kinachosikika unakijua wewe. Tubadilishane."

"Unataka nini?"

"Nifundishe kusikia."

Fook Onn akaisogeza nyundo kando, akamsukumia roti. "Kwanza kula," akasema. "Mwenye njaa husikia tumbo lake tu."

Ushirika uliwapa miezi minne, na mafunzo hayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya mzee hapa, nasema hivyo bila kuwavunjia heshima wale waliofufuliwa wa magurudumu manne, ambao ni mia na zaidi na bado wanapandisha mbolea kila siku. Aliweka kiganja kwenye chuma, Bah Tuin akagonga na kusema alichosikia, na mzee akamwambia maana yake. Mmoja sikio, mwingine akili. Walipigana pia. "Hiyo si ngee, hiyo ni ngee yenye mafua, gonga tena." Chini ya gari aliingia Bah Tuin. Mzee alikaa juu ya tairi, akala karanga zangu.

Mwezi wa tano walishuka Kampar kutazama pikapu ya mwaka 1968. Dereva aliyewapeleka alisimulia kwamba ilipendeza hadi inatia huruma kuiacha: rangi ya kijani, viti vizima, na mwenyewe anataka iondoke leo. Bah Tuin akaingia chini, akagonga. Akatoka.

"Imesemaje?" mzee akauliza.

"Mzee, mbele ni ngee safi kabisa. Gari ni zuri, na bei..."

"Nimeuliza imesemaje."

Bah Tuin akashusha pumzi. "Nyuma inasema pwa."

"Basi twende tukale," mzee akasema.

Wakala tambi, wakarudi mikono mitupu. Fook Onn alipita jikoni kwangu anang'aa uso kuliko siku yoyote aliyoleta gari. Alisema, "Bibi, sasa naweza kwenda nyumbani." Nikamgeuzia mgongo nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Daktari wa Ipoh amesema miaka yote ile ya kugonga mabati imeyamaliza masikio, na kifaa kitamsaidia kidogo tu. Lakini vidole vipo vyote kumi, miguu ipo yote miwili, na kichwa ni kilekile kigumu. Siew Keng anasema sasa anapokea simu amesimama.

Desturi yetu ni kwamba mtu akistaafu, mwingine husimama akamhutubia. Tukaona ni upuuzi kumhutubia asiyesikia. Kwa hiyo nimesema mimi nisiyejua kusoma, mjukuu wangu Kavitha ameandika, na mstaafu mwenyewe ndiye atakayesoma.

Fook Onn, soma polepole. Asante kwa kila kabichi iliyofika sokoni kwa sababu yako. Asante kwa kutufundisha kutofunga breki ovyo. Samahani kwa matusi matatu, ingawa yalikustahili. Kaa na mkeo, ule chakula kingali cha moto, na uzeeke taratibu, mzima hivyohivyo ulivyo. Uje kututembelea kila upendapo, ila ukilala chini ya gari lolote nitakuvuta kwa miguu mimi mwenyewe.

Ukifika mwisho wa karatasi hii, inua kichwa ututazame. Tutakuwa tumesimama, tunakupigia makofi.