Sanduku la Vikwembe la Profesa Élisabeth

Wazazi, ndugu, wanafunzi wake, na ninyi mulioacha kazi zenu mukaja kusimama na sisi kwenye jua hili: dada yetu mukubwa, Profesa Élisabeth Amisi Kalonda, alizaliwa Kibombo tarehe 14 Machi 1966. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Amisi, fundi wa reli, na Mama Béatrice. Mimi Édouard ni mudogo wake. Tulimwita Yaya, yaani dada mukubwa, na alitutuma mpaka tukiwa na mvi.

Alisoma shule ya msingi Kibombo na sekondari hapa Kindu, kisha akashuka mto kwenda Kisangani, alikomaliza masomo ya biolojia chuo kikuu mwaka 1991. Nyumbani alikuwa anauliza "kwa nini?" mpaka baba anajifanya amelala.

Mwaka 1993 aliolewa na mwalimu Ismaël Ramazani. Mukristo na Muislamu! Wazee walinung'unika, wakala pilau, wakanyamaza. Mungu aliwajalia Espoir, Princesse na Destin.

Mwaka 2002, vita vimefunga njia, treni haifiki na dawa hakuna, Destin alishikwa na malaria. Alikuwa na miaka sita. Homa ilishuka, tukamushukuru Mungu. Ikarudi. Ikashuka tena, akaomba hata ndizi. Iliporudi mara hiyo, ikamuchukua. Yaya hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mwili wake ulishapigana na hii kidudu. Kwa nini haukuitambua?"

Swali hilo njo lilikuwa kazi yake yote. Amani iliporudi alikwenda kusoma Ubelgiji, akapata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 2011. Walimuomba abaki. Alikataa, akarudi kufundisha na kutafiti hapa Kindu.

Shangazi yetu Joséphine, muuza vikwembe, vile vitenge vya akina mama, katika soko la Kasuku, alimuuliza siku moja anatafuta nini huko ndani ya damu za watu. Yaya akamujibu kwamba kidudu cha malaria kina sanduku la vikwembe karibu sitini, lakini kinavaa kimoja tu. Askari wa mwili wakishakizoea, kinabadilisha.

"Ee Mungu wangu!" Shangazi akaruka. "Kidudu iko na vikwembe mingi kuliko miye muuzaji?"

Yaya alicheka mpaka machozi. Kisha akaeleza kwamba ndani ya kidudu kuna maandishi ya kila kikwembe, yanayosomwa kuanzia mbele. Lakini mahali pengine yanasomwa pia kuanzia nyuma, na usomaji huo wa kinyume unaonekana kusaidia kuchagua kikwembe gani kitoke sandukuni. Alitaka kujua unafanyaje, ili siku moja kidudu kilazimishwe kuvaa vyote kwa mara moja, na mwili ukitambue. Hakufika huko. Inaniuma kusema hivyo, lakini yeye hakupenda uongo, hata wa msibani. Wanafunzi wake wanaendelea.

Septemba 2023 waganga wa hospitali walimukuta na kansa ya ini. Alipoona siku zake zinaisha, alituita. "Musinishonee kikwembe kimoja cha familia," alisema. "Mukivaa wote sawasawa, nitawatambua namna gani?"

Hapo palizuka maneno. Msiba wa profesa bila sare? Mji mzima utasema hatukumupenda! Shangazi alikuwa ameshatenga kitambaa, na alituapia kwamba atakishona tu, mugonjwa apende asipende. Yaya alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ndani ya mkono wa Ismaël. Ubishi ulikuwa haujaisha.

Jana Shangazi alirudisha kitambaa sokoni bila kumuambia mutu. Leo muangalieni: amevaa kikwembe chake cha kijani kilichopauka, alichombebea Destin mgongoni kwenda hospitali.

Profesa Élisabeth ameacha mume, watoto wawili Espoir na Princesse, mujukuu wake Falone, wadogo zake, Shangazi Joséphine, na wanafunzi wengi.

Yaya, tuangalie basi. Kila mutu amevaa chake, na hakuna aliyejificha. Pumzika kwa amani, na umukumbatie Destin.