Kamati ya Ngano

Fundi cherehani alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, nusu yumo kwenye treni, nusu yumo usingizini, na ukungu unapita nje kama shuka linalokunjwa polepole. Mbele yake watu wawili wasiojuana walikuwa wamegundua kwamba safari yao ni moja: wote wameitikia wito wa kamati ya bunge inayochunguza ngano.

"Yangu inaozea ghalani," alisema mkulima, gunia dogo mapajani. "Ya nje imejaa kila mahali."

"Hayo hayo nitawaambia, mwanangu," bibi akadakia. "Za nje zimejaa, watoto wanazimeza tu. Zangu nani atazitaka nikifa?"

"Kwani unazo nyingi, bibi?"

"Hazihesabiki. Nilirithi kwa mama."

Mkulima akakaa vizuri kwa heshima. "Unazihifadhi wapi?"

"Kichwani."

Fundi akafumbua jicho moja. Huyu yangu, yule zangu. Kumbe hawalimi shamba moja.

"Bibi," mkulima akasema taratibu, "redio ilimaanisha ngano ya mkate."

"Redio ilisema ngano, wenye maelezo waje. Nami nimekuja. Wewe ulishawahi kwenda?"

"Mwaka jana. Nilieleza mpaka koo likakauka."

"Wakasemaje?"

"Walisinzia."

Bibi akacheka, akajifunga mtandio upya. "Basi niache nianze mimi. Kwangu hasinzii mtu kabla hajajua zimwi limemla nani."

Treni ikasimama. Mkulima akavuta gunia lake kando, akampisha. Fundi akachungulia nje: usingizi ulikuwa umemwisha kabisa, na kituo chake kilishapita zamani.