Gundi Ilikuwa Haijakauka

Wazazi wangu wa kikundi, naomba nisome kwenye daftari. Nikiwaangalia usoni nitasahau yote, mnanijua.

Mnakumbuka tulivyokuwa tunateka maji bondeni kumwagilia kitalu chetu cha kahawa. Mjomba, fundi wetu, akalaza mabomba ya plastiki kutoka kwenye tangi. Siku ya mwisho akaitwa Bukoba, akaniachia viungo viwili vya mabomba niviunge, maana kila likizo namsaidia. Akasema, "Paka gundi, ingiza bomba kwenye soketi, na usifungulie maji mpaka kesho."

Nikaunga. Mchana huo huo mkaja wote, mmevaa vizuri kama mnaenda harusini. Mama mmoja akasema, "Fungulia waitu, mpendwa wetu, tuone!" Mwingine akacheka, "Au fundi wetu mdogo kasahau koki iko wapi?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilijua. "Bado" ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini watu wazima wote wale! Nikafungulia.

Soketi ikachomoka. Maji yakapiga kitalu, miche ikateremka na udongo wake mpaka kwenye migomba. Mtu akasema, "Mabomba feki haya." Nikanyamaza. Wiki nzima mkamsema mama wa duka la mabomba kule Kemondo, na mimi nikazidi kunyamaza. Chakula nikakiacha. Nikasingizia tumbo. (Mama, nisamehe, ile dawa ya mizizi niliimwaga.)

Jumapili mama wa duka akaja mwenyewe, bomba jipya begani, jasho linamtiririka. Akasema, "Chukueni bure. Wateja wananikimbia."

Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Mabomba ni mazima. Mimi nilifungulia gundi ikiwa mbichi."

 Halafu yule mama aliyesema nifungulie akainama. "Na sisi tulikuharakisha, mwanangu. Mama wa duka, tusamehe."

Asanteni kwa kupanda miche upya pamoja nami. Mjomba, asante kwa kunirudishia msumeno wa mabomba ulioninyang'anya, na kuniacha niunge tena vile vile viungo. Havivuji. Na wenye aibu kama mimi, msisubiri woga uishe kwanza. Mimi nilisema huku natetemeka, na mlinisikia.

Mama wa duka, wewe ndiye ungeweza kunifukuza, lakini ukaniita kazini dukani kwako. Likizo hii tunauza pamoja soketi na elbo, vile viungo vya kona. Mteja akinunua gundi akasema anataka maji leo leo, namwangalia usoni, namwambia: hapana, kesho.