Mzee Sogea na Dirisha Aliloliacha

Basi, kama tulivyokuwa tukisema pale kantini, ambayo zamani ilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu, jengo hili bila yeye hatulipatii picha. Ijumaa hii, tarehe nne, msimamizi wetu wa majengo anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Idara zote humwita Mzee Sogea, kwa kuwa ndiyo salamu yake: sogea kidogo, mwenzio naye apumue.

Aliingia hapa akiwa seremala wa kurekebisha makabati, akajiendeleza kimasomo, akapanda cheo hadi kukabidhiwa ghorofa zote. Ana mwiko mmoja: hahamishi meza kabla hajaikalia. Ukifika asubuhi ukamkuta kwenye kiti chako, usishtuke. Anasikiliza mlango unavyobamizwa, anaangalia jua linapiga wapi, na nani anakufuata kutaka nini. Ndivyo alivyogundua kwamba watu wa masjala na wa malipo walikuwa wakipandishana ngazi kutwa nzima, akawaweka ubavu kwa ubavu. Magoti yao yanamshukuru.

Kuteleza naye aliteleza. Siku moja alipigilia rafu mpya kwenye chumba cha mhasibu mkuu, mlango ukiwa umefungwa, akasahau kwamba mlango ule hufungukia ndani. Kazi ilipokwisha, rafu zilipendeza, lakini mlango ukagoma. Yeye na mhasibu walipitishiwa chai dirishani huku akibandua alichokipigilia. Hadi leo mhasibu akimwona na futi kamba, hushika kitasa kwanza.

Ushindi wake mkubwa aliupata mwaka juzi. Uongozi ulikata shauri kwamba jengo limejaa, hivyo theluthi yetu tuhamishiwe tawi la mbali. Wapo waliokuwa na watoto shuleni, wapo waliokuwa na wazazi wa kuuguza. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotajwa, wakati kijana mmoja fundi wa kompyuta alikuwa bado hajavuka habari za asubuhi kila akizungumza nami. Mzee Sogea akaenda kwa mkurugenzi kuomba mwezi mmoja tu, athibitishe kwamba jengo halikujaa watu, lilijaa vitu.

Akatoa kompyuta zilizokwisha kufa na makabati yaliyopoteza funguo. Ukumbi wa mikutano, uliokuwa ukifunguliwa Jumatatu tu, akaupa kazi ya wiki nzima. Kisha akachora ofisi mpya sakafuni kwa chaki na kututembeza ndani yake, tuone wapi tutapishana na wapi tutagongana viwiko. Tulicheka kama watoto, hadi chaki ilipofika ukutani na wenzetu sita wakawa bado hawana pa kukaa.

Hapo akainama, akafuta mistari ya ofisi yake mwenyewe, yenye dirisha alilolipenda kuliko mshahara, na kuichora meza yake chini ya ngazi. Mkurugenzi alitazama pale chini. Kisha akaiomba chaki, akapiga magoti na suti yake, akakikata chumba chake nusu kwa mkono wake mwenyewe. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika hadi barabarani. Hakuhama hata mtu mmoja.

Mimi nilipangiwa meza inayotazamana na ya yule fundi wa kompyuta. Mzee anaapa kwamba alizingatia soketi za umeme tu, na hakuna anayemwamini. Tumefunga ndoa mwezi uliopita, na kila nikimtazama mume wangu naiona ile chaki.

Mzee wetu, asante kwa niaba ya kila aliyebaki. Tunakuombea mapumziko marefu, yenye afya na vicheko. Mimi na mwenzangu tutabisha hodi kwako kabla mwezi huu haujaisha, tukiwa tumebeba kiti cha uvivu ambacho wafanyakazi wote tumekuchangia. Mkeo amekwisha kutuonyesha kitakapokaa: dirishani. Tafadhali, hicho usikisogeze.