Mama Udongo, Aliyetafuta Dawa Kwenye Chumvi

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, nami nitasoma moja kwa moja bila kuinua macho, mnivumilie.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Udongo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi saa na mama muuza sabuni, na marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alichelewa kutembea kwa sababu kila alipowekwa chini alichota mchanga akautia mdomoni, akikatazwa anaacha, akipewa kisogo anarudia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wake wa sayansi alimwita baba na kumwambia, "Mzee, binti yako haulizi maswali, anahoji kama polisi," na baba akajibu, "Pole, mwalimu, hata nyumbani ndivyo tunavyoishi." Mwaka 1986 alihitimu chuo kikuu katika elimu ya vijidudu, na tarehe 2 Februari 1987 akaajiriwa katika maabara ya chanjo za mifugo.

Mwaka 1994 alihamia kitengo kipya cha kutafuta dawa za kuua bakteria, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zimeshazoeleka na vijidudu havikuzijali tena, na yeye aliamini kwamba dawa mpya zitatoka kwa bakteria wengine, wale wanaoishi udongoni mahali pabaya, kwenye magadi, kwenye chemchemi za maji ya moto, kwenye ziwa lililokauka likabaki chumvi tupu. Tulipomuuliza kwa nini aende huko wakati udongo umejaa hata uani, alitujibu kwamba penye njaa ndipo majirani hurogana, bakteria wa huko hugombania chakula kidogo kwa kutiliana sumu, na sumu ya bakteria mmoja yaweza kuwa dawa ya binadamu. Kila sampuli aliipanda kwenye kisahani pamoja na vijidudu vya ugonjwa, akangoja kuona kama patatokea duara safi ambamo vijidudu vimekufa, na mara nyingi halikutokea, au likitokea lilikuwa la dawa ambayo dunia ilikuwa nayo tangu zamani. Waliosafiri walimletea udongo badala ya zawadi, na sebuleni kwake mgeni alisogeza mifuko ndipo apate pa kukaa.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na dereva wa maabara, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, na tangu hapo mpaka mwisho yeye alimwita mumewe Dereva, naye akamwita Bosi, na shemeji aliwaambia watu kwamba ameoa mkulima asiyevuna. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1991, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu.

Mwaka 2009, kutoka kwenye ukingo wa ziwa la chumvi, shemeji akiwa ndiye aliyechimba na kubeba, dada alipata bakteria aliyetengeneza duara pana kuliko yote aliyowahi kuyaona, na sumu yake haikuwa imewahi kugunduliwa na mtu mwingine yeyote. Siku hiyo alirudi nyumbani akapika wali, akausahau jikoni mpaka ukaungua, wakala mkate. Kazi iliendelea miaka mitano, panya waliougua walipewa dawa hiyo, vidonda vyao vikapona, kisha figo zao zikafa, wakafa na vidonda vilivyopona. Wakubwa walitaka waendelee, lakini yeye mwenyewe, mwezi Machi 2014, aliomba kazi isimamishwe, na ikasimamishwa.

Tarehe 21 Juni 2015, wakiwa safarini kwenye chemchemi za maji ya moto, gari lilipata pancha, jeki ikazama kwenye tope, gari likamlalia shemeji mguu wa kushoto. Hospitalini kidonda kiliingiliwa na vijidudu, wakajaribu dawa hii na ile, zote zikagonga mwamba, na daktari wa upasuaji akasema mguu ukatwe juu ya goti, na kwamba hata hivyo hana hakika kama vijidudu havijapanda. Shemeji alimwambia mkewe, tukiwa tumesimama pale, "Bosi, si unayo dawa ile kwenye friza ya maabara? Udongo ule niliubeba mimi, kwa mikono hii." Dada akamjibu, "Itakuua kabla haijaviua." Akamwambia tena, "Nipe hivyo hivyo," naye akasema hapana, akatoka hadi kwenye korido, akakaa kwenye benchi na mkoba wake magotini.

Mguu ukakatwa, shemeji akapona. Kwa muda mrefu hakusema na mkewe ila kupitia kwa binti yao, "Mwambie mama yako chai imepoa," na dada akainuka akaipasha moto, na hakuna aliyewapatanisha, ingawa tulijaribu. Baadaye shemeji alipata gari lisilohitaji mguu wa kushoto, akajifunza upya, na mwaka 2021 ndiye aliyemrudisha dada kwenye chemchemi zile zile.

Dada alianza kuumwa tumbo mwezi Februari mwaka huu, ikaonekana ni saratani ya kongosho. Mwezi Agosti wenzake wa maabara walikuja kumwambia kitandani kwamba bakteria wa safari ile ya mwisho ametoa dawa iliyoponya panya na figo zao zimebaki nzima. Aliwatazama, akasema, "Rudieni." Wanarudia. Bado si dawa, na huenda isiwe. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani waliolala nasi na kutupikia, na wafanyakazi wenzake waliokuja wote, hata wa zamu.

Shemeji ameomba niongeze jambo ambalo halikuandikwa. Juma la mwisho alimwambia mkewe kwamba siku ile ya hospitali alifanya sawasawa kumnyima dawa ile. Dada akamjibu, "Mimi sikuwa na hakika, Dereva."

Basi, ni hayo. Dada, pumzika, amani iwe nawe.